Dakika Nne Nilizoombwa Nisichekeshe

Nimekosa. Nalisema mwanzo kabisa, kabla huu mdomo haujaanza kuchekesha, maana ukianza hausimami, na ndio ulionifikisha hapa.

Jina langu liacheni. Niko Euless, Texas, napakia mabegi uwanja wa ndege. Kama begi lako lilifika limeng'oka tairi, nisamehe na hilo. Shule nimeishia darasa la sita, kambini kule Kigoma. Lakini kwa maneno, jamani, nina digrii!

Kambini kulikuwa na kibanda cha video. Picha zinakuja za Kizungu, za Kihindi, za Kichina, na jamaa mmoja anakaa pembeni na maiki anatafsiri zote kwa Kiswahili. Sauti ya jambazi yeye, ya polisi yeye, ya bibi harusi yeye. Kichina hajui hata cha kuombea maji! Anabuni tu, na watu wanalia machozi ya kweli. Mimi nilikuwa nakaa karibu na miguu yake, najifunza.

Basi nilipofika Amerika nikakuta ile kazi inaningoja.

Mama mdogo wangu anafunga maboksi kwenye ghala huko Irving. Kiingereza chake ni cha boksi: hevi, breki, yesi sa, basi. Jumapili tukitoka kanisani wamama wanajaa sebuleni kwake. Viatu rundo mlangoni, sambusa mezani, TV inawashwa, na mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na TV nawatafsiria tamthilia. Ile ya vijana wa shule. Wazuri wote, magari wanayo, na sijawahi kuona hata mmoja ameshika daftari.

Humo kuna kijana anavaa sweta ya njano. Anapenda wavulana wenzake. Na wenye tamthilia wenyewe, nisiwafiche, wamemchora ovyo! Kazi yake kubeba mikoba ya wasichana, kupeleka umbea, kupiga kelele akiona viatu vizuri. Kila baada ya wiki mbili anapigwa, analia chooni. Hana hesabu anayofeli. Hana mdogo wa kumsumbua. Hata njaa hasikii! Badilisha chaneli utamkuta yuleyule, wamembadilisha sweta tu.

Mimi nikaona huu mtaji. Nikamwita Anti Mchicha. Nikampa sauti nyembamba kama mbu aliyekosa chandarua chenye tundu. Akifungua mdomo tu, hata kama anaomba kalamu, mimi nasema, "Mashoga zanguuu, mmenionaaa?"

Wamama hoi! Mama Neema wa ghorofa ya juu anashika mbavu, "We mtoto utaniua! Ebu mpe Anti Mchicha aongee tena!"

Na palepale, kwenye mkono wa sofa, alikuwa anakaa Elia.

Elia ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu, kwetu hatuna hesabu nyingine. Ana miaka kumi na saba. Anacheza mpira ule wa Kimarekani wa kugongana, ana mabega kama mlango wa kanisa. Soksi zake ukiziacha kwenye gari, gari linaharibika. Alikuja huku mdogo sana, kwa hiyo Kiswahili anakisikia kidogo, kukisema ndiyo taabu. Ana salamu, ana chakula, ana "mama nimechoka". Yeye na mama yake wanapendana sana, ila kwa maneno kama ishirini hivi. Mengine yote yanapitia kwangu. Barua ya shule, mimi. Daktari wa meno, mimi. Ugomvi wao, mimi nikiwa katikati kama refa.

Siku moja aliniambia kwa Kiingereza chake, "Kaka, hakuna mtu yuko hivyo."

"Nani?"

"Yule wa sweta. Hakuna mtu anaongea hivyo."

Nikamwambia, "Kwani wewe umewajulia wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaingia chumbani.

Jamani, mwerevu mimi! Mwerevu wa kutambua begi la bangi kwa kulinyanyua tu, nimeshindwa kumtambua mtoto ninayekula naye sahani moja. Kwa sababu nilikuwa natafuta sweta ya njano! Ningeambiwa nimtaje mtu wa hivyo pale Euless, ningemtaja yule mwimbaji wetu wa kanisani wa suruali za kubana. Na yule, nimekuja kugundua, ana wachumba wawili, mmoja yuko mji wa Mesquite.

Sasa sikia kosa lenyewe.

Jumapili hiyo tumetoka kanisani, Elia akanivuta kwenye maegesho, nyuma ya gari. Jasho linamtoka na jua bado halijachachamaa.

"Kaka. Leo kipindi nimeshakiona kwenye simu. Kuna sehemu yule kijana anaongea na mama yake jikoni. Dakika nne. Hiyo sehemu tafsiri kama ilivyo. Usimweke Anti Mchicha. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Nataka mama aisikie. Nataka nimwone uso akiisikia. Baadaye nitaongea naye."

Nikasema, "Sawa, mdogo wangu, umeshapata."

Na hapa nisijisafishe. Nilielewa? Nusu nilielewa. Nusu ilinitosha! Mtu akikuvuta nyuma ya gari hivyo na kukuomba, hahitaji kukuchorea ramani. Nilielewa, nikakiweka kile kitu pembeni, nikawaza sambusa.

Tukafika nyumbani. Sebule imejaa. Kipindi kinaanza, watu wanacheka, niko moto. Ikafika jikoni.

Mama wa kwenye TV anakata karoti. Kijana wa njano anasimama mlangoni, anamwambia kwamba yeye anapenda wavulana, na anaogopa kumpoteza. Mama anaweka kisu chini. Anazunguka meza, anamkumbatia, anamwambia, "Nilikuwa nakungoja uniambie. Kaa ule."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna umbea wala mikoba. Ile tamthilia, kwa mara ya kwanza, ilimwacha mtoto aongee kama mtu. Na hiyo ndiyo siku niliyomharibia mimi!

Maana kijana alipofungua mdomo, Mama Neema akaanza kucheka kabla hata sijasema kitu. Alikuwa anamngoja Anti Mchicha. Wamama wote wakanigeukia, wameshika glasi, meno nje. Ndugu yangu unayesoma, unajua utamu wa chumba kizima kukungoja wewe, wa darasa la sita? Ulimi ukateleza wenyewe.

"Mamaaa! Nimekuwa dada! Naomba vitenge vitatu na hereni!"

Chumba kikalipuka. Nikampa mama wa TV sauti ya bibi mwenye kifua kibovu: "Shindwa! Toka kwangu, na sweta yangu uiache!" Ikaja pale anapomkumbatia. Ningefanyaje, mtu namfukuza na picha inaonyesha anakumbatiwa? Akili yangu ya haraka hiyo, ilaaniwe, ikajibu papo hapo: "Unadhani nakukumbatia? Nakukaba! Natoa pepo hapa!"

Mama Neema akateleza kwenye sofa. Mama mdogo anafuta machozi kwa upande wa kitenge. Akasema, mimi nilimsikia, na Kiswahili kile Elia alikielewa chote:

"Huyo ndiyo mama! Hata mimi ningemfukuza."

Nikageuka kumwangalia Elia.

Akachukua sahani yake, akaenda nayo jikoni, akaiosha. Elia! Mtoto ambaye sahani anaiacha chini ya kitanda mpaka iote! Akaiosha, akaifuta, akaiweka kabatini. Akavaa viatu akatoka.

Jumanne alipotoka shule alipanda basi kwenda Houston, kwa dada yake Furaha.

Mama mdogo akaniletea simu. Ametumiwa ujumbe mrefu wa Kiingereza. "Nisomee, mwanangu. Anasemaje?"

Ujumbe ulisema hivi: "Mama, ulisema ungemfukuza. Mimi ni kama yule kijana. Nimeondoka mwenyewe ili usilazimike kunifukuza. Nimeosha sahani zote."

Nikausoma mara mbili. Mama mdogo ananiangalia mdomo, kama mtu anayesubiri daktari.

Nikasema, "Anasema kuna mazoezi ya mpira huko Houston. Atakaa kwa Furaha kidogo."

Ndiyo. Nilirudia! Kosa la kwanza lilikuwa la mzaha, la pili lilikuwa la woga, na la pili ndilo baya zaidi. Wiki tatu yule mwanamke anaisifia timu ya mpira kwa wenzake ghalani. Anamtumia Elia sauti, "Kula vizuri, gonga watu vizuri, Mungu akulinde." Na mtoto kule anasikiliza, anadhani mama yake amesoma ukweli wote na ameamua kujifanya hakuna kilichosemwa. Unaona nilivyowafunga? Kila mmoja yuko upande wake wa ukuta, na ukuta ni mimi!

Nikimpigia hapokei. Nikamwandikia vichekesho, hajibu. Nikaomba siku ya mapumziko nikaendesha gari mwendo wa saa nne mpaka Houston.

Furaha akanifungulia mlango, hakunikaribisha hata maji, na kwetu hiyo ni hukumu. Elia alikuwa nje uani, ameinama kwenye injini ya gari la dada yake. Hakuinua kichwa.

"Nilikuomba dakika nne," akasema. "Dakika nne tu usiwe mchekeshaji."

"Najua."

"Kwa nini hukukataa tu? Ungesema hapana, ningetafuta njia nyingine."

Nikamwambia habari ya ujumbe, kwamba mama yake hajui chochote, anadhani mwanawe yuko kwenye mazoezi ya mpira. Hapo ndipo akainuka. Nilidhani atanigonga kama anavyogonga watu uwanjani. Afadhali angenigonga.

"Hajui?"

"Hajui."

Akakaa kwenye ndoo. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nikipakia mabegi kinanirudia.

"Mimi siwezi kumwambia, kaka. Maneno ya Kiswahili ya hiki kitu, yote nimeyajifunza kwako. Na yote ni matusi. Nimwambie mama yangu mimi ni Anti Mchicha?"

Nikalia, sitaki kudanganya. Nikamuuliza, "Unataka nimwambie mimi?"

"Mwonyeshe ile sehemu. Tafsiri kama ilivyo. Halafu msomee ujumbe wangu kama ulivyo. Usiongeze. Ukiongeza hata neno, usinijue tena."

Jumapili iliyofuata nilimwomba mama mdogo tukae wawili tu. Wamama wengine nikawaambia TV imekufa. Uongo wangu wa mwisho huo, natumaini. Nikaiweka ile sehemu. Nikatafsiri kwa sauti yangu hii hii, bila mbu, bila bibi. Dakika nne zile zilikuwa ndefu kuliko zamu ya usiku!

Mama mdogo akakunja uso. "Mbona siku ile alimfukuza?"

"Hakumfukuza, mama. Nilimfukuza mimi."

Akanitazama. Yule mwanamke hana shule kama mimi, lakini si mjinga. Akainuka, akaleta simu yake, akafungua ujumbe ule wa wiki tatu. Akaniwekea mkononi.

"Soma. Na huu nao kama ulivyo."

Nikausoma. Nilipofika kwenye sahani, nikaumalizia mpaka nukta ya mwisho.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea kelele. Akakaa tu, mikono kwenye magoti, ile mikono iliyokauka kwa gundi ya maboksi. Halafu akasema, "Rudisha."

"Wapi?"

"Pale anapoweka kisu."

Nikarudisha. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano akaniambia nisitafsiri. Akauliza, "Hilo analomwambia mwisho. La kungoja. Kwa Kiingereza linasemwaje? Nifundishe."

"Mama, umekubali?"

"Usinitafsirie moyo!" Akanigeukia kwa ukali sijawahi kuuona. "Sijasema nimekubali. Sijui bado nasema nini, mimi na Mungu wangu tutaongea. Nimesema mtoto wangu anadhani nimemfukuza, na sikumfukuza. Nifundishe!"

Nikamfundisha. Akarudia mbele ya karoti za watu wa TV: ai waz weiting yu. Ai waz weiting foo yu. Kama mtoto wa chekechea. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akaacha sauti, maneno yale yale. Kesho yake tena, wakati wa mapumziko ghalani, tena. Siku ya nne ikapokelewa.

Elia bado yuko Houston. Anasema atamalizia shule huko. Jumapili anapiga simu, mama mdogo anaingia chumbani anafunga mlango, wanaongea kwa yale maneno yao ishirini. Sasa labda yamefika thelathini. Hakuna anayeniita nitafsiri. Wanagonga ukuta, wanakosea, wanarudia, lakini hawaniiti!

Tamthilia bado anaiangalia. Peke yake, bila mimi, haelewi nusu yake. Nilimwambia nije nimsaidie, akanijibu, "Acha nisielewe mwenyewe, mwanangu. Ni salama zaidi." Mama Neema ananiuliza kwenye ngazi Anti Mchicha yuko wapi. Namwambia amekufa. Anacheka, anadhani huo nao ni utani.

Kwa hiyo wewe unayewatafsiria mama zako TV, barua, simu, madaktari, na unajiona mjanja kwa sababu wanakungoja mdomo: angalia mkono wa sofa kwanza. Angalia nani hacheki. Na mtu akikuomba dakika nne, mpe nne. Mimi nilikuwa nazo, nikazila na sambusa.