Mkono wa Mpwa Wangu

Dada yangu alikufa mtaani Kanyosha, katika mwaka ambao milio ya risasi huko ilikuwa jambo la kila siku. Mumewe, fundi wa magari, alisema mkewe alilia ghafla kwamba kichwa kinapasuka, akatapika, akapewa vidonge akalala. Hakuamka.

Wanawake waliomwosha walinivuta pembeni. Mikono na mapaja yake, walisema, yalijaa madoa ya damu iliyovilia.

Basi nilijua: mumewe alimpiga. Makaburini nilimzuia yule mume asishuke kumpokea mkewe, nilishuka mimi. Kisha nikajifunza njia zake kama nilivyojifunza kila kitu maishani, peke yangu na bila haraka: anafunga gereji saa ngapi, anapita wapi. Jirani yangu wa mtaani kwetu, Buyenzi, alikuwa na grenedi, bomu la kurusha kwa mkono.

“Kaka, we sema siku tu,” aliniambia. “Vita iko. Nani atauliza?”

“Ijumaa. Ila kwanza nimutoe mutoto.”

Alhamisi nilikwenda kumchukua mpwa wangu wa miaka sita. Alimng’ang’ania babake, nikamvuta mkono. Sikumpiga. Asubuhi mkono ule ulikuwa na alama za vidole vyangu, za zambarau.

Babake alileta nguo za mtoto, akaziona zile alama.

“Shemeji, na we unapiga sasa?”

Nilivuta shati la mtoto nizifunike, babake akalifunua tena.

“Mamake alikuwa hivi hivi. Unamushika kidogo, alama inabaki. Mi munaniita muuaji. Na we tukuite nani?”

Tulimpeleka kwa daktari pamoja. Daktari alitazama mishipa iliyoonekana chini ya ngozi nyembamba ya mtoto, akauliza habari za mama. Upo ugonjwa, alisema, wa nadra, unaorithiwa: kuta za mishipa ya damu huwa dhaifu. Mshipa wa kichwani unaweza kuvimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa, ukapasuka.

“Bila kupigwa?”

“Bila kupigwa.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani, nikamwambia aache.

“Umemusamehe?”

“Apana. Dada analia kichwa, yeye anamupa vidonge. Hakutafuta hata gari.”

“Basi tumumalize.”

“Na mutoto? Ni yeye tu anajua namna ya kumushika.”

Jioni nilimrudisha mtoto kwa babake. Baba mtu alininyooshea mkono. Niliuacha hewani.