Minazi ya Jirani na Shahada Zangu Mbili

Nilipomwandikia shangazi kwamba nabaki Bombay nisome shahada ya pili ya siasa, na pamoja nayo sheria, alinijibu kwa mistari mitatu. Alisema hajapata kumwona mtu aliyekula daku mara mbili akafunga vizuri zaidi. Kisha akaniombea dua, na chini yake akapanga salamu za majirani wote, mmoja mmoja, mpaka karatasi ikajaa.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijaota meno, na baba alikuwa baharia ambaye safari moja hakurudi. Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, akanichukua nyumbani kwake Likoni. Kofia alizozishona kwa mkono wake ndizo zilizonisomesha. Wanawake walipomuuliza nasoma nini huko Bara Hindi, alikuwa akisema, "Yuwasoma mambo mawili pamoja, kama mtu aoaye wake wawili siku moja. Mwombeeni."

Bombay jambo hilo halikuwa la ajabu. Vijana wengi waliomaliza shahada ya kwanza walisoma sheria asubuhi na siasa alasiri. Asubuhi nilikuwa darasani kwa mikataba na ushahidi, alasiri kwa katiba na dola, na usingizi niliupata kwenye tramu baina ya mawili hayo.

Upande wa siasa tulitakiwa tuandike tasnifu. Mwalimu wangu alikuwa Mhindi mzee, mwenye sauti ndogo, asiyependa wanafunzi waliojaza kurasa. Nilimweleza kwamba kwetu ni ukanda wa pwani ambao bendera yake ni ya Sultani wa Unguja na serikali yake ni ya Mwingereza, na sasa uhuru wa Kenya unakaribia na hakuna ajuaye ukanda huo utakwenda wapi. Akaweka kalamu chini.

"Na watu wenyewe wasemaje?"

Nikaanza kumtajia yaliyoandikwa magazetini.

"Basi nenda ukawaulize. Na usiniletee magazeti."

Ndivyo nilivyorudi Likoni kwa miezi michache, nikiwa na begi la vitabu na maswali kumi na manane niliyoyatafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza. Nilikuta Mwambao, ndio ukanda wetu huo, unazungumzwa kila baraza. Wako waliotaka tubaki na Sultani, wako waliotaka tujitenge tuwe peke yetu, na wako waliosema Kenya ni moja. Watu waliokuwa wakinywa kahawa pamoja tangu ujana wao walianza kuchagua pa kukaa.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa shangazi. Alikuwa ukumbini na kofia yake na sindano. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "Kwa maoni yako, mamlaka makuu ya Mwambao yako mikononi mwa nani?"

Akanitazama juu ya miwani. "Siku gani?"

"Siku gani vipi, shangazi?"

"Ijumaa msikitini huombewa Sultani. Jumatatu nikitaka cheti humwendea Mzungu. Na paa langu likivuja, sijamwona hata mmoja wao akija na makuti. Haya, la pili."

Niliandika jibu lake lote. La pili hatukulifikia, kwa sababu jirani yetu alipiga hodi.

Jirani huyu alikuwa mzee wa Kidigo, umri mmoja na shangazi. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, na baina ya nyumba mbili hizo kulikuwa na shamba dogo la minazi. Ardhi ya shamba ilikuwa ya shangazi, aliirithi kwa babake. Minazi ilikuwa ya mzee, aliirithi kwa babake yeye, ambaye ndiye aliyeipanda. Nilikua nikilijua jambo hilo kama nilivyojua mlango wa msikiti uko upande gani. Kila asubuhi mke wa mzee alikuja kwetu na muhogo au madafu, akarudi na mahamri ya moto.

Mzee alikaa kitako kwenye mkeka, akasema na shangazi lakini akinitazama mimi. "Bi Mkubwa, watu wasema bendera ikigeuka, kila kitu kitaulizwa karatasi yake. Mimi sina karatasi. Nawe una msomi ndani. N'taka aniandikie minazi yangu."

Shangazi hakupendezwa, nilimwona. Hata hivyo alisema, "Kama ndiyo roho yako itatulia, na akuandikie."

Nilifurahi mno. Hii ndiyo sheria na siasa kukutana, na zimekutana uani kwetu! Siku mbili nilijifungia na vitabu. Kitabu changu cha sheria ya ardhi, cha Kiingereza, kilisema kwamba kilichopandwa ardhini hufuata ardhi. Basi minazi ikiwa ardhini mwa shangazi, kisheria ni ya shangazi, na mzee anachoweza kuwa nacho ni ruhusa. Nikaandika kurasa tatu zenye vifungu na vifungu vidogo, nikaazima taipu kwa mwalimu wa skuli, nikapiga chapa.

Mzee alikuja na kanzu ya Ijumaa kuja kusomewa. Nilifika kifungu cha nne, "mwenye ardhi ampa jirani yake ruhusa ya kuingia na kuangua nazi," akainua mkono.

"Rudia hapo pa ruhusa."

Nikarudia.

"Ruhusa ya kuangua nazi za minazi aliyoipanda baba yangu?"

Nilianza kumweleza kanuni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akasema, "Ahsante, mwanangu, umetaabika," akaondoka. Hakuchukua zile karatasi.

Shangazi alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alitoka akijifuta unga mikononi. "Yeye umemfanya mgeni," akasema, "na mimi umenifanya Mzungu."

Asubuhi yake mke wa mzee hakuja. Wala ya pili yake. Shangazi hakupunguza unga. Alipika mahamri yale yale, tukala asubuhi, tukala jioni yakiwa magumu. Mimi nilizunguka na maswali yangu, nikavuka na feri, nikaenda Changamwe kuwahoji makuli waliotoka bara, nikaenda Kisauni, nikajaza madaftari. Lakini kila nilipokaa kuandika niliiona ile kanzu ya Ijumaa. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na jambo la kwanza nililofanya kwa elimu yangu lilikuwa kumnyang'anya mzee wa watu minazi ya babake, kwa taipu ya kuazima.

Zilipita wiki mbili. Asubuhi moja nikapita shambani, nikapiga hodi kwake. Alikuwa akisuka makuti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kutaka radhi. Niliandika nilichokisoma. Sikuuliza kilichopo."

Alimaliza kuti alilokuwa nalo mkononi, akamwita mkewe alete dafu, akanikatia mwenyewe. Ndipo akasimama. "Twende nikuoneshe."

Tulitembea mnazi kwa mnazi. Huu babake aliupanda alipooa. Huu alipozaliwa yeye. Huu ulipigwa na radi na bado ukazaa. Aliniambia babake alikwenda kwa babu yangu kuomba mahali pa kupanda, na babu akasema panda, na tangu siku hiyo mkungu wa kwanza wa kila msimu hupelekwa nyumbani kwetu. Nilizila nazi hizo utoto wangu wote nisijue zimetoka kwa neno lile.

Nilipogeuka nilimwona shangazi amesimama kwenye ua, kajitanda leso. Sijui alikuwepo tangu saa ngapi.

"Una kalamu?" akaniuliza. "Ndoo ukae hapa. Andika nisemavyo, usinitilie Kiingereza."

Nikakaa juu ya kigogo, nikaandika: "Ardhi ni ya babangu na sasa ni yangu. Minazi ni ya babake na sasa ni yake. Hakuna kati yetu aliyemwazima mwenzake. Na iwe hivi kwa watoto wetu, bendera iwe yoyote."

"Bendera iwe yoyote, pia niandike?"

"Si ndiyo iliyomleta huyu kwako?"

Mzee akakohoa. "Na mkungu wa kwanza, Bi Mkubwa. Autie."

"Huo usiandikwe," shangazi akasema. "Ukiandikwa utakuwa kodi."

Mzee akacheka mpaka akashika mnazi. Alitia dole gumba, shangazi akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, nami nikaandika nakala mbili. Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya mke wa mzee jikoni, akilalamika kwamba mahamri ya siku hizi yamekuwa madogo.

Nilirudi Bombay na madaftari yangu. Ukurasa ule niliutia katika tasnifu kwa Kiswahili chake na tafsiri chini. Mwalimu wangu aliandika kwa penseli pembeni kwamba huu ndio ukurasa bora wa kazi yote na kwamba nisijidai ni wangu. Siasa nilipita vizuri. Sheria nilianguka somo la ushahidi, nikalirudia, nikalipita kwa taabu.

Nilipofika nyumbani, uhuru ulikuwa umebakisha wiki chache na jambo la Mwambao lilikwisha amuliwa: tumo ndani ya Kenya. Shangazi alinipokea feri upande wa Likoni, akanishika mikono, akasema nimekonda, akaniarifu kwamba kesho kuna watu wachache watakaokuja kuniuliza mambo mawili matatu.

Walijaa ukumbi. Mmoja aliuliza juu ya mirathi, mwingine juu ya mpaka wa kiwanja, mwingine kama mwanawe aliyezaliwa Pemba atahesabiwa Mkenya. Nusu ya maswali yale sikuyajua, nikawaambia wazi kwamba siyajui. Shangazi aliwapitishia kahawa, akawaambia warudi Alhamisi, mtoto atakuwa ameyasoma.