Kitambaa Cheupe Juu ya Uzio

Jana, hapa Goma, kijana anayeuza mayai ya kuchemsha alipita mbele ya mlango wangu. Yai moja lilikuwa limeoza. Alipolipasua, majirani wote walikunja uso, mimi peke yangu nikabaki nimesimama pale ninatabasamu kama mjinga. Usinicheke, rafiki yangu. Kwangu mimi hiyo siyo harufu ya yai. Ni harufu ya maji ya moto yanayotoka ndani ya gobore la babu yangu, kule Mpofi, wakati wa vakansi kubwa, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Kwetu ni Masisi, kwenye milima ya baridi, viazi na ng'ombe. Shule ikifungwa, mama alinifungia nguo mbili ndani ya kitenge na kunituma kwa wazazi wake upande wa Walikale, pale milima inaposhuka na pori kubwa linaanza. Kule mvua ya mchana ilinyesha juu ya migomba mpaka unasahau ilianza saa ngapi. Asubuhi moshi wa jiko la koko, ndivyo tulivyomwita nyanya, ulipita polepole katikati ya nyasi za paa, na mimi nililala nikisikia mchi wake ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuwa na haraka ya kitu chochote. Sijawahi kulala vile tena.

Babu alikuwa mlinzi wa mashamba. Nyani wakiingia kwenye mahindi ya mtu, aliitwa yeye. Gobore lake lilikuwa lile la zamani, la kujazwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha risasi, halafu unashindilia kwa fimbo ndefu ya chuma. Likilia leo, lazima lioshwe leo. "Baruti inakula chuma," alikuwa akisema. "Ukilala nayo ndani, bunduki inaamuka imekonda."

Koko alichemsha maji. Babu alisimamisha gobore uani, mdomo juu, na mimi nikamimina maji kwa jani la mgomba lililokunjwa. Yalitokea kwenye tundu dogo la chini, meusi tititi, na ile harufu ya yai ikajaa ua mzima. Kisha babu alifunga kitambaa kwenye ncha ya fimbo, akakishusha ndani, akakizungusha, akakitoa. Cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili rangi ya majivu. Tuliendelea hivyo, maji na kitambaa, maji na kitambaa, mpaka kimoja kitoke cheupe kama kilivyoingia. Hapo njo, yaani ndipo, alikausha chuma karibu na moto na kukipaka mafuta, na mimi nikakianika kile kitambaa cha mwisho juu ya uzio, upande wa barabara. Wamama waliokwenda kuteka maji walikiona na kujua kwamba bunduki ya mzee ni safi, haina kitu ndani, watoto wanaweza kucheza uani. Kijiji kizima kilikuwa kinasoma ule uzio.

Sasa nikuambie siri ambayo tuliijua watu watatu tu: babu, koko na mimi. Macho ya babu ya mbali yalikuwa mazima kabisa. Alikutajia nani anashuka mlimani kabla wewe hujaona kama kuna mtu. Ya karibu njo yalikuwa yamekufa. Hakuweza kutenganisha mchele na mawe, wala kitambaa cheupe na cha majivu. Kwa hiyo aliniuliza mimi.

"Iko nyeupe?"

"Bado, Babu."

Na tunamimina tena. Alitegemea neno langu, basi.

Siri ile ilikuwa na uzito wake. Kijana wa jirani, ndevu zake zikiwa bado za kuhesabu, alikuwa akitangaza kila mahali, kwa kukisia tu, kwamba mzee haoni tena, afadhali bunduki ipewe mwenye macho. Babu hakuogopa chui wala radi, lakini jambo hilo aliliogopa. Aliniambia siku moja tukimenya karanga: "Siku watanikataza mashamba, njo nitazeeka." Nilimwelewa vizuri. Usiseme nilikuwa mtoto.

Basi siku moja tulikuwa tunaosha gobore, na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka pale barabarani, alikuwa ameleta televisheni na jenereta. Watoto wote walikuwa wameahidiwa filamu. Kitambaa cha pili kimetoka rangi ya majivu, na mara nikasikia jenereta inaanza kunguruma. Miguu yangu ilikuwa imeshaondoka, mimi tu njo nilikuwa nimebaki.

"Iko nyeupe?"

"Iko nyeupe, Babu."

Nilichana kipande kipya, cheupe, kwenye shuka kuukuu la koko, nikakitundika juu ya uzio, nikakimbia. Filamu yenyewe siikumbuki hata kidogo.

Siku ya tatu, asubuhi, nyani waliingia kwenye mahindi ya mama mmoja mjane. Watu wakatoka na masufuria wakigonga, nyani hata hawakugeuka. Babu alifika, akatia baruti, akatia risasi, akashindilia. Fimbo yake ilikuwa na alama iliyochongwa. Kila kitu kikiwa kimeshuka vizuri, alama inalingana na mdomo wa gobore, naye aliipapasa kwa kidole gumba. Siku hiyo alama ilibaki juu, upana wa kidole. Akasukuma tena. Ikakataa. Uchafu wangu ulikuwa umekauka mule ndani kama ukoko wa ugali, na risasi imekwama njiani. Kulipiga gobore likiwa hivyo ni kujipasulia uso.

Akainua kichwa, akanitazama. Nilikuwa mbali kidogo, kama hatua ishirini, pale ambapo macho yake yalikuwa yanaona vizuri kabisa. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alikitazama muda mrefu.

"Leo haitalia," akawaambia watu. "Iko chafu. Niliiosha vibaya."

Kijana wa jirani akacheka. "Papa, kitambaa tulikiona wote juu ya uzio. Kilikuwa cheupe pe."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hapo. Nilingoja anitaje. Neno moja tu lingemtosha: mtoto amenidanganya.

"Mulikiona ninyi," babu akasema. "Mimi sikukiona. Macho yangu ya karibu imekwisha."

Yule mama mjane alikuwa analia katikati ya mabua yake. Mimi nilisimama pale na mdomo wangu. Nilikuwa na aibu mpaka magoti, na bado sikusema.

Mkubwa wa kijiji alikuja kesho yake na maneno mazuri. Papa umefanya kazi ya kutosha, Papa pumzika sasa. Bunduki ingepewa yule kijana. Babu aliitika kwa kichwa tu. Aliomba kitu kimoja: aikabidhi yeye mwenyewe, ikiwa safi.

Alasiri hiyo tuliosha mara ya mwisho. Babu aliing'oa kwanza ile risasi, kwa uvumilivu, bila kunikemea. Afadhali angenikemea. Kisha koko akaleta maji, tukaanza. Cheusi. Majivu. Majivu mepesi. Kitambaa cha sita kilitoka cheupe, rafiki yangu, cheupe cha hostia ya kanisani.

"Iko nyeupe?"

Nikatazama mikono yake juu ya chuma kile. Nikisema ndiyo, bunduki inaondoka. "Bado, Babu."

Tukamimina tena. Cha saba, cheupe. Bado, Babu. Cha nane. Bado. Koko akaja, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakigeuza, akanitazama. Macho yake yeye yalikuwa mazima, ya karibu na ya mbali. Alirudi jikoni, akaongeza kuni, akateleka sufuria nyingine ya maji.

Babu na koko wote wawili wamekwisha kwenda kaburini. Vita ilipopita njia ile, nyumba ilibaki bila watu, kisha bila paa, na sehemu kubwa ya kijiji ilikimbilia kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Bunduki sijui ilikwenda na nani, na sasa huko kila mtu anaogopa bunduki ya kila mtu. Hakuna anayetundika kitu juu ya uzio kuwaambia jirani zake kwamba wanaweza kupita bila hofu. Mimi nilimdanganya babu mara mbili. Uongo wa kwanza ninaujutia kila siku. Ule wa pili ningeurudia hata leo, kama angekuwepo wa kuniuliza.