Betri Huku, Simu Kule

Mama alinilea nisimwamini mtu, na sijaona bado sababu ya kumlaumu. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, redio ililala chini ya kitanda na betri zake zililala ndani ya mtungi wa unga. Mwizi akipata kimoja, kisimfae. Vita vilipotutawanya yeye alibaki kule juu, mimi nikaishia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mafundisho yake.

Nilipopata simu ya kugusa niliitunza kwa sheria hiyo hiyo. Nyumbani hatukuwa na umeme, simu zilichajiwa madukani, na kila jirani alikuwa na kisa cha simu iliyokwenda nzima ikarudi na matumbo ya nyingine. Mimi nilipeleka betri peke yake. Simu ilibaki ndani ya blauzi yangu, imezimika lakini yangu.

Siku moja asubuhi mdogo wangu alinipigia kutoka Uvira.

“Yaya, dada yangu, batamupasula mama ku shingo. Munganga anasema sauti inaweza kuisha kabisa. Kule ku hospitali ya juu hakuna rezo ya simu, basi nilimurekodi. Nimekutumia ku intaneti. Umujibu leo, maana kesho napanda tena kule.”

Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeisikia sauti ya mama, na sasa ilikuwa inaondoka. Mtandao wa Nakivale ulitosha kupiga simu tu. Ujumbe wa namna hiyo haukushuka. Niliambiwa kuwa mahali paitwapo Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kuna kanteni ya mke wa askari, na ukinunua chai unapewa Wi-Fi. Njiani nilisimama Rwekubo, nikaacha betri ichajiwe huku nikingoja gari lijae. Kisha nikairudisha ndani ya simu, nikapanda.

Kanteni ilikuwa na askari wawili walioinamia simu zao wakicheka. Niliandika neno la siri lililobandikwa ukutani. Alama ya Wi-Fi ikajaa mpaka juu, simu ikasema imeunganishwa, na hakuna kilichoingia. Nikazima, nikawasha. Nikaifuta ile Wi-Fi, nikaandika neno la siri upya. Nikahamia meza iliyo chini ya kisanduku chenye taa kinachorusha Wi-Fi. Imeunganishwa, na hakuna kitu. Wale askari waliendelea kucheka.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Huyu mama wa kanteni amesikia Kiswahili changu nilipoagiza chai, amejua ni mkimbizi, akaniachia alama ya bure na kunifungia kilicho ndani. Nilimchukia kwa moyo wote. Hata chai yake niliiona ni maji matupu.

“Mama, Wi-Fi yako inachagua batu?” nilimuuliza.

“Network iko, nyabo,” alisema, akiniita bibi kwa lugha yao. “Hawa wote wanapata. Ni simu yako iko na shida. Leta nione.”

“Iangalie ikiwa mu mikono yangu.”

Hakukasirika, na hilo nalo nililitilia shaka. Alifuta mikono kwenye aproni, akainama juu ya bega langu, nami nikaishika simu kwa mikono miwili.

“Ulitoa betri?”

Amejuaje?

“Angalia tarehe. Simu inasema tuko mwaka ya zamani. Internet iko kama geti ya baraki. Ukifika na pasi ya tarehe mbaya, askari hafungui. Mimi najua, simu yangu pia ilifanya hivyo. Bwana yangu yuko Somalia, hii Wi-Fi niliweka ya kumuona yeye.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila nilipong'oa betri, saa ya simu ilirudi nyuma, na kumbe nilikuwa nimejifungia mwenyewe. Nilirekebisha tarehe. Ujumbe ukaingia papo hapo.

“Miye siamini mutu,” mama alisema, sauti yake ikikwaruza. “Banasemaka uko muzima, lakini sijasikia na masikio yangu. Kama ni wewe, sema, nisikie mbele banipasule.”

Nilibonyeza kurekodi, nikasema. Sikumbuki yote niliyosema, nililia katikati, na yule mama wa kanteni akaenda kuwanyamazisha askari wake.

Kisha mdogo wangu akapotea hewani. Nilipiga, simu yake haikuita. Nikaamini mama amekufa na wananificha.

Alipopiga hatimaye, nilimtukana kwanza. Akaningoja nimalize. Mama amepona, alisema, ila sauti haikurudi. Kabla ya kupasuliwa alinisikiliza, akaomba kwa mkono ujumbe wangu urudiwe tena, kisha tena. Halafu akaifungua kwa nyuma simu ya mdogo wangu yenye sauti yangu, akang'oa betri, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, na simu tupu akamrudishia mwenyewe.