Kipande Ambacho Mama Alishindwa Kukinyima

Enzi zetu gari likiingia Mwazye, hata mwalimu aliacha chaki. Tulilisikia likipanda kilima kabla hatujaliona, na mchezo wa rede uliokuwa umekolea ulikufa hapo hapo, mpira wa soksi ukabaki katikati ya uwanja. Nasema na ninyi mliokulia Ufipa, mliokunywa uji wa ulezi asubuhi ya baridi hadi vidole vikapata uhai. Watoto wa siku hizi gari likipita hawainui hata shingo, simu imewashika.

Siku moja gari lilisimama kwetu. Akashuka kijana mwembamba, mtafiti wa pamba, akamwamkia Mama shikamoo na kuomba sehemu ya shamba. Sisi pamba tuliijua ya zahanati tu, ile ya kufutia kabla ya sindano. Yeye alitaka kujua kama itaota huku juu kwenye baridi, na kama inaweza kulimwa mwaka hadi mwaka bila kuichosha ardhi wala kupuliziwa sumu kila wiki. Baba alikuwa Kasanga akipakia mizigo bandarini, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa Mama. Akakubali. Mimi nilikuwa darasa la tano, na kesho yake habari ilikuwa imeenea shule nzima kabla ya saa nne.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Bwana Pamba, ndivyo tulivyombatiza, akapima vipande vitatu kwa kamba na vigingi: kimoja kingewekwa mbolea ya dukani, kimoja samadi, cha tatu kisiwekwe kitu. "Hiki msikiguse, Mama. Ndicho kitakachonionyesha tofauti," alisema, kisha akaenda zake hadi msimu wa kupanda.

Sasa hicho cha tatu kilikuwa kando ya njia ya kanisani. Mama alivumilia wiki moja tu. Kwetu, majira kama hayo, kila mwanamke alikuwa shambani akipindua nyasi na kuzifukia kwenye matuta ya duara, tuliyoyaita ntumba, zioze humo mpaka msimu ujao. Shamba lisilo na ntumba lilikuwa aibu ya mwenye nyumba. "Siwezi kuinyima ardhi chakula eti kwa sababu kijana kaniambia," akasema, akatupa majembe mimi na dada yangu. Tulilima tukicheka. Juu ya matuta tulipanda maharage, tukayala na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, aliyotuletea Baba, na mpaka leo sijala mboga tamu kama ile. Msimu wa kupanda pamba ulipofika tulishavunja matuta na kusawazisha, Bwana Pamba hakujua lolote.

Jamani, pamba ile. Nani alikuwa ametuambia kwamba ua lake linafunguka leo jeupe, kesho linageuka la waridi? Kila asubuhi kabla ya shule tulikimbilia shambani kuhesabu funza jani kwa jani, yeye akiandika, na mimi ambaye hata kanisani nilishindwa kufunga mdomo, juu ya siri yetu nilitulia kama maji mtungini. Halafu kile kipande alichodhani hakikulishwa kikaanza kuvipita vingine. Matunda yalipopasuka, weupe ule ulinitia wazimu wa furaha, nikapiga vigelegele peke yangu shambani. Bwana Pamba naye alichanganyikiwa. Alichimba udongo, akaunusa, akaufunga kwenye mifuko, akamwambia Mama anakwenda kuandika kwamba ardhi ya hapa haihitaji kulishwa, wakulima waache kuhangaika.

Mama akanitazama. Nilijua akisema kweli, mtafiti atang'oa vigingi ahamie kijiji kingine, na pamba yangu itaondoka naye. Nilimwomba kwa macho anyamaze.

"Usiandike, mwanangu," akasema. "Kile kipande nilikilisha mimi. Nimekuharibia kazi ya mwaka mzima, naomba unisamehe. Lakini ukiandika hivyo watu watakuamini, wataacha ntumba, na watalala njaa."

Bwana Pamba alikaa chini kwenye udongo bila kujali suruali yake. Kisha akauliza, "Ulikilisha nini?" Siku hiyo nzima Mama alimfundisha kupindua nyasi, mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Hakuhama. Msimu uliofuata alipima vipande vinne, cha nne kikiwa cha ntumba, nasi tukahesabu funza tena tukijiona maprofesa. Pamba yenyewe baridi iliishinda baadaye, ikabaki ya watu wa bondeni, lakini mimi nilishanogewa. Nilisomea kilimo.

Leo nina shamba langu nje kidogo ya Sumbawanga. Vijana wa utafiti wanakuja, wanapiga picha, wananiambia, "Mama, shamba liko poa," na kabla viatu vyao havijashika vumbi wameshaondoka. Nawacheka, maana hata harufu ya nyasi zilizooza vizuri hawaijui. Mwaka jana mmoja alikuja kuangalia alizeti zangu za majaribio. Nilimpitisha upande uliostawi, akafurahi, akaandika. Upande uliokauka sikumpeleka. Mama angeanza na huo.