Ubao wa Liban na Maji Yake

Siku ile kule kwetu Tarbaj sijaisahau, mwanangu, na leo umenirudisha huko kwa picha hiyo unayonionyesha kwenye simu. Ubao wa kuchorea wa mtoto, unasema, una miguu mitatu, upande mmoja wa chaki, upande mwingine wa rangi, na muuzaji wa hapa Garissa ameapa kwamba ni salama. Ameapa! Mtu akianza kuapa kabla hajaulizwa, mimi naushika mkoba wangu vizuri.

Nilikuwa mdogo, sijaanza hata kufunga Ramadhani, ndugu yangu Abdi alipofikia umri wa kuingia dugsi, chuo cha Qur'ani. Alihitaji loho, ubao wa kuandikia aya kwa wino wa makaa. Desturi yetu unaijua: somo likishahifadhiwa, loho huoshwa, na mtoto huyanywa yale maji kwa baraka. Basi akaja mchuuzi kutoka mbali na mbao zilizopakwa rangi, zinang'aa mpaka unajiona uso. Niliupenda mmoja papo hapo. Baba naye alishatia mkono mfukoni.

Ayeeyo, bibi yetu mzaa baba, aliunusa ule ubao. Akaukwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha, akaguna. Kisha akaumwagia maji, akayakinga kwa kikombe cha bati na kumnyoshea mchuuzi.

"Wewe kunywa kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Mchuuzi akacheka. "Mama, leo nimefunga."

"Asubuhi mimi nakuba chai, wewe nakunywa. Sasa nafunga?"

Jamaa alikusanya mbao zake akaondoka bila kuaga. Baba aliona haya, eti mgeni amefedheheshwa, nami nililia kwa sababu niliutaka ule mng'aro. Abdi akapata loho kavu, isiyo na rangi wala uzuri wowote, na leo ana wajukuu. Sisemi rangi ile ilikuwa na sumu, maana sijui. Najua tu kwamba aliyeiuza hakuyanywa maji yake.

Sasa nisikilize, maana hili linahusu mwanao. Jana Liban alichora ngamia kwa chaki kwenye mlango wa bati, akaumwagia maji, akayakinga kwa viganja. Nilimdaka mikono ikiwa karibu na mdomo. Akanikasirikia kweli: "Ayeeyo, ni baraka!" Mtoto wa miaka minne, ameanza dugsi juzi tu, kwake ubao ni ubao, na kila ubao una maji yake. Niliogopa, mwanangu, na mpaka sasa naogopa. Muuzaji wako hawezi kulijua jambo hili, hata akiapa mpaka Mandera.

Kwa hiyo usinunue picha. Nenda ukaunuse wenyewe, na kama harufu inakuwasha pua, uache hapo hapo. Upanguse kwa kitambaa chenye maji, uone kama rangi inatoka. Ikunje na kuikunjua ile miguu, utazame bawaba zinabana wapi, maana vidole vya Liban havina adabu. Usukume kwa kiwiko; ukiyumba kwako, kwake utaanguka. Na ubao usimzidi kimo, asije akapanda kiti. Rangi za majimaji ziache kwanza, chaki inamtosha. Kuosha ni kazi yako, si yake, na kila siku umwambie bila kuchoka: maji ya loho yana aya, maji ya ubao huu yana uchafu.

Mungu amfungulie Liban mikono na moyo, amkinge na asichokijua, na wewe akujalie pua ya ayeeyo wangu. Amin. Haya, vaa viatu twende kwa huyo muuzaji wako. Kikombe nimeshachukua.