Maua ya Waridi kwenye Mikindu ya Jangwani

Ua lile nilipewa na mama wa Kihindi niliyekuwa nikimfulia, mwaka nyumba yao ilipotwaliwa na serikali wakahama nchi. Lilikuwa kwenye kopo la samli. Majani kama moyo, maua ya rangi ya waridi, madogo, yamepangana kama shanga uzini. Nikalipanda uani Kariakoo, kando ya choo. Mume wangu alishakufa, binti yangu kaolewa mbali. Nilipenda kuwa na kitu cha kumwagilia asubuhi.

Chumba cha pili alikaa shoga yangu, mtu wa Rufiji, msukaji wa mikeka. Yeye anasuka ukili, ule mkanda mrefu, mimi naushona uwe mkeka. Ukindu aliukata mwenyewe bondeni Jangwani, kwenye mikindu iliyojiotea tangu kabla ya mji.

Mwaka wa pili ua likapanda paa, likaziba dirisha la choo. Balozi wa nyumba kumi akasema linaficha nyoka, nilitoe. Nikalikata, nikachimba na mizizi, imevimba kama viazi. Shoga yangu akaniambia nisilitupe bichi. Kwao shambani gugu linalotambaa huanikwa juu ya paa mpaka likauke, ndipo huchomwa. Mimi sipendi kufundishwa. Na siku hiyo kulikuwa na foleni ya sukari. Nikajaza kapu, nikaenda kumwaga bondeni, ambako kila mtu alimwaga taka zake, nikakimbilia dukani. Sukari yenyewe iliisha kabla sijafika mlangoni.

Masika ikapita, na nyingine. Shoga yangu akaanza kurudi na ukindu haba, mfupi, wa manjano. Siku moja akanichukua nikaone. Mikindu ilikuwa imevikwa maua toka juu hadi chini, nyuki wanavuma. Ukiyainua, chini makuti yameoza na machipukizi ya katikati yamekufa. Nililitambua kabla hatujakaribia.

Akaniuliza, "Hili si lile lako?"

Nikamjibu, "Maua yanafanana."

Akanitazama kidogo. Kisha akainua mikono palepale kwenye tope.

"Aliyelitupa hili, asipate mtu wa kumsabahi asubuhi. Itikia, shoga."

Nikasema amina.

Hatukuligusa tena jambo hilo. Ukindu wa sokoni ulikuwa wa kununua, mkeka haukulipa. Kiangazi alifunga mzigo aende kwa kaka yake, kwenye kijiji kipya walikohamishiwa. Nilimbebea kapu mpaka kwenye basi. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu jana yake, lakini njia nzima nilimsemesha habari za chumvi. Akaniachia bunda la ukili, haufiki nusu ya mkeka.

"Shona utakapofikia," akasema, akapanda.

Sikushona. Chumbani kwake akaingia mlinzi wa zamu, mtu wa kulala mchana. Natoka uani alfajiri, mdomo nimeshaufungua, "Umeamkaje, shoga," halafu naufunga.

Ndipo nikaanza kwenda bondeni kila Jumapili na jembe. Nachimba vile viazi, naviweka juu ya kipande cha bati mpaka vikauke, nachoma. Ukiacha kipande cha kidole, baada ya wiki mbili kimeota. Vijana waliokuwa wakienda kucheza mpira hawakunisalimu, walinitania tu.

"Mama, hiyo mihogo ulipanda lini?"

Nikaendelea kuchimba. Niliyepanda ni mimi.

Miezi mingi ile nilifungua mikindu mitatu. Miwili ilikuwa imekwisha kufa. Wa tatu nilifika asubuhi moja nikakuta umetoa kuti changa, limesimama kama upanga, bado halijafunguka. Shazia, sindano ya kushonea ukili, nilikuwa nayo nyumbani, na ukili wa shoga yangu upo ukutani unapata vumbi. Kuti lile sikulikata. Niliketi juu ya jembe mpaka jua likawa kali. Kabla ya kuondoka nikalisabahi. Vijana siku hiyo hawakupita.